Jasho linavyogeuka dawa: mbio za Newcastle, na wewe unayetaka kukimbia

Leo tuna swali ambalo mtu akiliuliza darasani wenzake huanza kwa kucheka: mtu akikimbia kilomita 21, mgonjwa wa kansa anapataje dawa? Kwani miguu inatoa pesa?

Usimcheke. Hata watu wazima wanaovaa fulana za mbio za hisani kila mwaka, ukiwabana kidogo, jibu linawaponyoka. Watakwambia "tunachangia" na kuishia hapo. Ukitaka kujua wanachangia vipi, pesa inatoka mfuko gani na kuingia mfuko gani, na mwili unapitia mambo gani katikati, utaona kimya kinaingia.

Basi leo tuyachambue hayo yote kwa kutumia mbio moja maarufu, Great North Run. Hukimbiwa kila mwaka kuanzia mjini Newcastle, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Ni nusu marathoni, yaani kilomita 21 na mita 97 na kidogo. Mwaka 2014 mbio hizi zilifikisha mtu wa milioni moja kuvuka mstari wa mwisho. Unaweza kusema Newcastle ni mbali na kwenu, na ni kweli ni mbali. Lakini subiri tufike kwenye majina ya washindi, utaona kama ni mbali kiasi hicho.

Mwalimu wa kemia

Aliyezianzisha anaitwa Brendan Foster. Alizaliwa mji mdogo wa Hebburn, karibu na Newcastle, na aliwahi kufundisha kemia sekondari. (Kwa hiyo ukimwona mwalimu wako wa kemia anakimbia uwanjani jioni, mheshimu, hujui anawaza nini.) Mwaka 1976 alipata medali ya shaba ya mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Montreal. Mwaka 1979 alikuwa New Zealand kwa mazoezi, na mjini Auckland akaingia mbio za Round the Bays. Kule akakuta kitu ambacho hakukizoea: maelfu ya watu wa kawaida, akina mama, wazee na watoto, wote wanakimbia barabarani pamoja, na wengi wao hawana habari na nani kashinda.

Aliporudi kwao akataka jambo kama hilo. Tarehe 28 Juni 1981 watu wapatao 12,500 wakajitokeza. Ujue miaka ile mkoa huo haukuwa na raha. Migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya kutengeneza meli vilikuwa vinafungwa, na watu wengi walipoteza kazi. Watu wa sehemu iliyopigwa namna hiyo kuingia barabarani kwa furaha kulikuwa na maana yake. Siku hizi mbio hizi hukimbiwa mwezi Septemba na watu wapatao 60,000. Wanaoomba nafasi ni wengi kuliko nafasi zenyewe, ndiyo maana inapigwa kura.

Njia yenyewe iko hivi. Unaanzia Newcastle kwenye barabara kuu inayofungwa siku hiyo. Wakimbiaji wanapita chini ya madaraja ya barabara huku wakipiga kelele kwa pamoja, na mwangwi unarudi mpaka unasikia kwenye mbavu. Halafu unavuka mto Tyne kwa daraja la chuma lililofunguliwa mwaka 1928. Hapo juu ndege za jeshi zinapita na moshi wa rangi. Ukishavuka, uko Gateshead, na sasa ndiyo kazi inaanza: vilima virefu visivyoonekana vikali lakini vinakula miguu taratibu. Karibu na mwisho kuna mteremko mkali sana, unashuka unaiona bahari, unafikiri umefika. Hujafika. Bado kuna zaidi ya kilomita moja na nusu kando ya bahari mpaka South Shields, na upepo unakupiga usoni. Wengi husema sehemu hiyo ndiyo ndefu kuliko zote.

Sasa majina. Mwaka 1992 ubingwa wa dunia wa nusu marathoni ulifanyika kwa mara ya kwanza, na ulifanyika hapohapo, pamoja na Great North Run. Bingwa akawa Benson Masya wa Kenya. Masya alizishinda mbio hizi mara nne kabla hajafariki mwaka 2003 akiwa bado kijana. Tegla Loroupe, naye wa Kenya, alishinda upande wa wanawake mwaka 1993. Mwaka 2000 akashinda Mtanzania, Faustin Baha. Mwaka 2011 Martin Mathathi wa Kenya alikimbia njia yote kwa dakika 58 na sekunde 56. Mwaka 2022 ilikuwa zamu ya Jacob Kiplimo wa Uganda. Umeona? Kuna watu wa kule wanaoyajua majina haya kuliko sisi wenyewe.

Pesa inatoka wapi?

Hapa ndipo watu wengi wanachanganya mambo, kwa hiyo soma polepole.

Kiingilio anacholipa mkimbiaji siyo hisani. Kile kinakwenda kwa kampuni inayoandaa mbio, nayo inalipia kufunga barabara, maji, vyoo, madaktari, ulinzi, medali na faida yake. Hakuna dhambi hapo, shughuli ya watu 60,000 haiendeshwi kwa maneno matupu. Ila mtu akilipa kiingilio peke yake kisha akajitangaza kwamba amesaidia wagonjwa, amejidanganya.

Hisani yenyewe inatoka kwa watu wasiokimbia. Wewe unayetaka kukimbia unachagua shirika, mathalani la utafiti wa kansa, la kulea wagonjwa wanaokaribia kufa, la watoto wenye mtindio wa ubongo au la wasioona. Kisha unawaendea ndugu, majirani na wafanyakazi wenzako na kuwaambia: "Nitakimbia kilomita 21 kwa ajili ya hawa. Utanipa ngapi?" Zamani walitembeza karatasi yenye mistari, kila mtu anaandika jina lake na ahadi yake. Siku hizi mambo mengi yanapita kwenye intaneti na pesa inaingia moja kwa moja kwa shirika bila kupita mikononi mwa mkimbiaji. Ni kama kadi ya mchango wa harusi tunayoijua sote, isipokuwa hapa hakuna pilau.

Kuna njia ya pili. Mashirika ya hisani hununua nafasi kwa waandaaji, halafu huwapa watu waliokosa kwenye kura kwa sharti moja: ukichukua nafasi hii, uahidi kutafuta kiasi fulani cha pesa. Anayetaka sana kukimbia anapata nafasi, na shirika linapata mtu wa kulitafutia. Tena Uingereza kuna sheria nzuri inayosaidia. Mlipakodi akichangia pauni moja, serikali hulirudishia shirika peni 25 kutoka kwenye kodi aliyokwishalipa. Ukijumlisha yote, kila mwaka Great North Run huzalisha zaidi ya pauni milioni 20 kwa mashirika mbalimbali.

Lakini kwa nini mtu akupe pesa kwa sababu tu unateseka barabarani? Si angeshika simu akachangia akiwa amekaa? Watafiti wawili, Christopher Olivola na Eldar Shafir, waliandika juu ya jambo hili mwaka 2013. Waligundua kwamba watu huwa tayari kutoa zaidi pale kuchangia kunapoambatana na maumivu na juhudi, kama kukimbia, kuliko pale kunapokuwa starehe, kama mandari. Ajabu, lakini fikiria kidogo. Rafiki yako akikuambia ataamka saa kumi na moja alfajiri kwa miezi mitatu kwa ajili ya wodi aliyolazwa mama yake, utaona anasema kweli. Kule Newcastle wengi hukimbia na picha au jina la marehemu mgongoni. Anayekimbia nyuma yao hukaa kilomita nzima akisoma "kwa ajili ya baba".

Mwili unapitia nini?

Sasa tuingie kwenye mambo yetu ya afya, maana hisani ikimwua anayetoa haina faida kwa mtu.

Tuanze na chakula. Kukimbia kilomita moja kunatumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya uzito wako, kalori zilezile zinazoandikwa kwenye paketi za biskuti. Mtu wa kilo 55 akikimbia kilomita 21 anatumia zaidi kidogo ya kalori 1,150. Misuli na ini la mtu mzima aliyekula vizuri vina akiba ya wanga yenye kalori zipatazo 2,000. Kwa hiyo nusu marathoni inakamilika kwa akiba uliyonayo, kama jana yake ulikula ugali, wali, viazi au ndizi kama watu. Marathoni nzima ndiyo inayomaliza tanki watu wakaanza kutembea kama wamelewa. Ina maana huhitaji vidonge wala vinywaji vya rangi vya bei mbaya ili umalize kilomita 21. Ila ukikimbia hujala tangu jana mchana, usiulize kwa nini macho yanaona giza.

Joto ni adui mkubwa zaidi. Misuli yako si mashine nzuri sana: katika nguvu inayochoma, robo tu hivi, au chini ya hapo, ndiyo inakuwa mwendo. Iliyobaki yote inakuwa joto, na lazima litoke. Linatoka kwa jasho, lakini jasho linapoza pale tu linapokauka kwenye ngozi. Ndiyo maana Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, hewa ikiwa imejaa unyevu, unatoka jasho chepechepe na bado unawaka ndani. Joto la mwili likipita nyuzi 40 ubongo unaanza kuchanganyikiwa. Mkimbiaji anayumba, anajibu maswali ovyo, anagombana na anayetaka kumsaidia, au anaanguka. Huyo usimpeleke kivulini ukamwacha apumzike. Mmwagie maji baridi mwili mzima, mpepeeni kwa nguvu, barafu kama ipo iwekwe kwapani na shingoni, na mtu mwingine akaite gari la hospitali wakati mnaendelea kumpoza. Kupoza kwanza, safari baadaye. Dakika zinahesabika hapo.

Halafu maji. Hapa usishangae: kuna watu wanadhurika kwa kunywa maji mengi mno. Kwenye Boston Marathon ya mwaka 2002 watafiti walichukua damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza, wakakuta asilimia 13 wana chumvi ndogo kupita kiasi kwenye damu. Sababu kubwa ilikuwa kunywa, kunywa, kunywa kila kituo mpaka uzito ukaongezeka badala ya kupungua. Chumvi ikishuka sana ubongo unavimba, na mtu anaweza kufa. Kwa hiyo fuata kiu yako. Ukisikia kiu kunywa, usiposikia usijilazimishe eti kwa sababu mtu kakunyooshea kikombe.

Na moyo? Tuseme ukweli. Mwaka 2005 wakimbiaji wanne walifariki kwenye Great North Run, wote wanaume. Ilikuwa habari nzito Uingereza nzima, na watu wakauliza kama mbio hizi ziendelee. Ili ujue hatari ilivyo, angalia hesabu iliyofanywa Marekani kwa miaka kumi, 2000 hadi 2010. Watu milioni 10.9 walikimbia marathoni na nusu marathoni. Waliosimama moyo ni 59, na 42 kati yao walifariki. Kwenye nusu marathoni walikuwa 19, na kwenye marathoni nzima 40. Ni wachache sana. Lakini wale wachache wana mama zao, kwa hiyo tusiwapite haraka.

Wengi waliokufa walikuwa na ugonjwa wa moyo wasioujua, hasa ule wa misuli ya moyo kuwa minene kupita kawaida. Ugonjwa huo unaweza kurithiwa. Kwa hiyo jiulize mambo matatu kabla hujafunga kamba za raba. Umewahi kuzimia ukiwa katikati ya mazoezi? Unapata maumivu ya kifua ukikimbia, siyo kichomi cha ubavuni bali kifuani? Kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla kabla ya kufika miaka 50 bila sababu kujulikana? Kama hata moja ni ndiyo, nenda kamwone daktari akusikilize moyo, na usione aibu kumwambia yote. Na ukimwona mtu kaanguka, hajibu na hapumui sawasawa, usisubiri mganga. Weka viganja vyako viwili katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu na haraka, kama mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike. Waliopona kwenye ile hesabu, wengi walibonyezwa kifua na watu waliokuwa karibu.

Nani asikimbie, nani anaonewa tu?

Ukiwa na homa usikimbie. Kuna vijana wanafikiri malaria au mafua makali "yanatoka na jasho". Hayatoki. Baadhi ya virusi vinavyoleta homa vinaweza kushambulia moyo wenyewe, na kukimbia wakati huo ni kuupiga mtu aliyelala chini.

Mwenye sikoseli aongee na kliniki yake kwanza. Mazoezi mepesi yanafaa kwa wengi wao, lakini kukimbia kwa nguvu juani bila maji kunaweza kuleta maumivu makali ya kulazwa.

Mwenye pumu ndiye anayeonewa. Shuleni anaambiwa akae pembeni ashike nguo za wenzake. Haya, msikie Paula Radcliffe wa Uingereza: aligundulika ana pumu akiwa na miaka 14, na bado alishinda Great North Run mwaka 2000 na 2003, akashikilia rekodi ya dunia ya marathoni kwa wanawake kwa miaka mingi. Siri yake haikuwa miujiza. Anatumia dawa yake ya kuvuta kama alivyoelekezwa, anapasha mwili moto taratibu, na anajua siku ya kusimama.

Wasichana nao wanaonewa. "Uko kwenye siku zako, usikimbie, utaharibu kizazi." Si kweli hata kidogo. Ukijisikia vizuri kimbia, ukisikia maumivu pumzika, wewe ndiye unayeujua mwili wako. Vaa sidiria inayobana vizuri na pedi au kitambaa kisichohama. Kitu cha kuangalia ni hiki: kama unafanya mazoezi mengi, unakula kidogo ili upungue, na hedhi imekata miezi mitatu, mwili unakuambia chakula hakitoshi, na mifupa yako inadhoofika kimyakimya. Nenda kituo cha afya. Na kama kuna sababu nyingine ya hedhi kukosa ambayo wewe mwenyewe unaijua, hiyo nayo usiifiche, nenda kapime mapema. Kama unachoka haraka kuliko zamani na viganja vimepauka, huenda una upungufu wa damu. Kipimo chake ni tone la kidoleni tu.

Je, mimi wa kidato cha pili nikimbie 21?

Jibu fupi: hapana, bado. Kule Newcastle wenyewe hawamruhusu mtu chini ya miaka 17 kuingia kwenye mbio kubwa. Wadogo wana mbio zao fupi.

Najua utasema, mbona nakimbia mchakamchaka kila asubuhi na sichoki? Safi sana, lakini mchakamchaka ni kilomita mbili tatu, na kuna viongozi wa nyimbo wanaokupunguzia mwendo. Kilomita 21 ni hatua zaidi ya 20,000, na kila hatua inautua mguu kwa uzito unaozidi hata mara mbili ya uzito wako. Mifupa yako bado inarefuka, na karibu na maungio kuna sehemu laini ambako ukuaji unafanyika. Sehemu hizo na kano zinazojishikiza hapo huumia kabla ya misuli kuchoka, hasa mtu akiongeza umbali ghafla. Ndiyo yale maumivu ya chini ya goti ambayo vijana wa miaka 13 au 14 wanayapata, wakaambiwa ni uvivu. Siyo uvivu.

Kilomita tano zinakutosha kabisa. Anza kwa siku tatu kwa wiki, ukichanganya kukimbia na kutembea. Mwendo sahihi ni ule unaoweza kuongea na mwenzako sentensi nzima. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Ongeza umbali kidogokidogo kila wiki na uache siku ya kupumzika katikati. Raba si lazima ziwe za bei, ila ziwe zimekuenea na usizivae kwa mara ya kwanza siku ya mbio, utarudi na malengelenge. Paka mafuta ya mgando kwenye mapaja, kwapani na vidoleni. Kichomi cha ubavuni kikikushika, punguza mwendo, vuta pumzi ndefu tumboni, kitaachia. Ukipenda kukipunguza, usile mlo mzito saa mbili kabla ya kukimbia. Kimbia mkiwa wawili au zaidi, upande ambao unayaona magari yanayokuja, na siyo gizani. Mtu akisimamisha gari akawapa lifti "mmechoka sana", mnajua majibu.

Kama shule yenu inataka kufanya mbio za hisani

Hili mnaliweza, tena bila mgeni wa heshima wala tenti. Pimeni uwanja, muamue mzunguko mmoja ni mita ngapi. Chagueni kitu kimoja kinachoonekana: vyandarua vya wodi ya watoto kwenye kituo cha afya cha jirani, ada ya kliniki ya mwenzenu, tanki la maji la choo cha wasichana. Usiseme "kusaidia jamii". Hakuna mtu anayetoa pesa kwa neno hilo.

Kila mkimbiaji apate kadi iliyopigwa mhuri wa shule, yenye nafasi ya majina kumi. Tuseme kila mchangiaji ameahidi shilingi 500 kwa kila mzunguko, na wewe umekimbia mizunguko minane. Mchangiaji mmoja anadaiwa 4,000. Watu kumi ni 40,000. Wakimbiaji wakiwa 40, hiyo ni 1,600,000 kwa hesabu ya kwenye karatasi. Mfukoni mtapata pungufu, kwa sababu anayeahidi mbele za watu si lazima ndiye anayelipa. Waliowahi kukusanya michango ya harusi watawaeleza. Wekeni kiwango cha juu cha mizunguko vilevile, la sivyo kuna mtu atakimbia mpaka azimie kwa sababu mjomba wake ana pesa.

Kudai ahadi ndiyo sehemu ya hatari kuliko kukimbia, na sisemi kwa utani. Kuna mtu mzima atakayekuambia, "Njoo nyumbani jioni uichukue, uje peke yako." Usiende. Mwambie mwalimu au mzazi aende naye, au atume kwa simu kwenye namba ya shule. Akikasirika, acheni shilingi 4,000 zake zipotee. Hakuna chandarua chenye thamani ya kukulipisha hivyo, na wewe hujamkosea mtu yeyote kwa kukataa.

Pesa zikija, zihesabiwe na watu wasiopungua wawili, mwanafunzi mmoja na mwalimu mmoja, ziandikwe siku hiyohiyo kwenye daftari lenye kurasa zenye namba, ziende benki. Kituo cha afya kikishapokea vyandarua kitoe risiti. Hiyo risiti, pamoja na orodha ya mizunguko ya kila mtu na jumla iliyopatikana, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule, pale kila mtu anapopita akienda kula, nayo ikae hapo mpaka muhula uishe.